Kununua faiba tupu kwa vyuo na vituo vya utafiti vya Mtwara na Lindi, hatua kwa hatua

Watu wa tehama mlioko Kusini hii ni ya kwenu, na wahasibu na maafisa ugavi msome pia maana saini ni zenu.

Tuanze na faiba tupu yenyewe. Ni nyuzi ambazo mwenye waya ameshazitandika, chini ya ardhi au juu ya nguzo, ila hajazitia taa. Ukinunua intaneti ya kawaida unanunua Mbps, jamaa anafunga mashine zake pande zote mbili na kila ukitaka kuongeza spidi unarudi kwake na barua mkononi. Ukichukua faiba tupu unapewa jozi ya nyuzi, mashine unafunga mwenyewe, leo unaweka moduli (vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye swichi vinavyotuma na kupokea taa) za giga 1, mwakani ukitaka giga 10 unabadili moduli tu, waya uleule na bili ileile. Utamu wake ndo huo. Uchungu wake ni kwamba saa nane usiku mawasiliano yakikatika wa kwanza kuhangaika ni wewe, siyo mtu wa huduma kwa wateja.

Na kitu kimoja watu wengi wanachanganya: faiba tupu haikuletei intaneti. Inakuunganisha wewe na sehemu nyingine, basi. Intaneti bado utainunua kwa mtu, tofauti ni kwamba sasa unaweza kuinunua kule inakouzwa kwa jumla badala ya kusubiri ikufikie Mtwara kwa bei ya rejareja.

Una haja nayo kweli? Kama ni chuo kimoja, jengo moja, na kiungo chenu hakijai hata mchana wa siku ya kazi, achana nayo, ongeza Mbps ulale. Faiba tupu inaanza kulipa pale ambapo kuna majengo au taasisi kadhaa ndani ya mji mmoja au barabara moja, matumizi yanapanda kila mwaka, na kuna mizigo mizito kweli: picha za CT scan kutoka hospitali, picha za droni za mashamba ya majaribio, bakapu za usiku, madarasa ya video kati ya kampasi na kampasi.

Hatua ya 1: Tafuta wenzako kwanza

Chuo kimoja kikienda peke yake kuomba jozi moja kinasikilizwa kwa adabu na kusahaulika wiki inayofuata. Sasa angalia tulivyokaa. Mtwara mjini na pembeni yake kuna Stella Maris, kuna kampasi ya TIA, VETA, chuo cha ualimu, kituo cha Chuo Kikuu Huria, Ligula, hospitali ya kanda pale Mitengo, na TARI Naliendele wenye utafiti wao wa korosho. Lindi kuna VETA, Huria, hospitali ya Sokoine, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayokuja kupitia mradi wa HEET wa vyuo vikuu vya umma. Ukikata kona Mingoyo kuelekea Masasi unapita Nyangao, unapita Ndanda, kote kuna hospitali za misheni. Yaani karibu wote hao wapo kwenye barabara mbili tu! Hiyo ni bahati ambayo mikoa mingi haina, ukiwakusanya mnakuwa mteja mmoja mwenye vituo vingi kwenye njia moja, na mwenye waya anakaa vizuri kwenye kiti.

Mtu wa kuongea naye mapema ni TERNET, mtandao wa taifa wa taasisi za elimu na utafiti. TERNET ni mwanachama wa UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao ya namna hiyo wenye makao yake Lilongwe, Malawi, na kupitia huko mtu wa Naliendele anaweza kufika mitandao ya utafiti ya Ulaya kama GÉANT bila kupita njia za biashara. Waulize mambo matatu kwa barua: kituo chao cha karibu kiko wapi, kama wana makubaliano yoyote ya bei na wenye nyaya ambayo wanachama wanaweza kuyatumia, na kama wako tayari kuwa ndo wanunuzi kwa niaba yenu. Likikubalika la tatu mnapunguziwa kazi kubwa sana.

Kama itabidi mjinunulie wenyewe, chagueni taasisi moja iongoze, na muichague kwa kuangalia kitengo chake cha ununuzi kinavyofanya kazi, msiangalie nani ana jina kubwa. Halafu andikeni hati ya makubaliano kabla ya kuongea na muuzaji yeyote. Humo ndani jambo litakaloleta maneno ni mgawanyo wa gharama, niamini. Mimi naona rahisi kuliko zote ni hivi: shina, yaani kipande kinachopita barabara kuu, wote mnachangia, na tawi la kutoka barabarani mpaka getini kwako unalipa mwenyewe. Shina mnaweza kugawana sawa kwa sawa au kwa ukubwa wa taasisi, ila kugawana kwa matumizi ya kila mwezi msijaribu maana mtakuwa mnagombana kila mwisho wa mwezi. Na andikeni nini kinatokea mmoja akishindwa kulipa, kwa sababu atakuwepo.

Hatua ya 2: Chora njia, ujue nani ana waya wapi

Usimuulize muuzaji "mna faiba Mtwara?" Atasema ndiyo. Muulize "waya wenu unapita upande gani wa barabara kutoka hapa mpaka pale, na jointi ya karibu na geti langu iko wapi". Kaa na ramani, weka nukta ya GPS kwa kila taasisi kwenye chumba chenyewe cha seva, siyo getini tu, halafu omba kila mwenye waya akupe faili la KMZ, yaani faili la ramani, la njia yake. Wengine watasema ni siri ya biashara, sawa, waandikie mkataba wa kutunza siri, msaini, walete faili. Asiyetaka kabisa kuonyesha njia muweke mwisho wa foleni.

Wa kuwaangalia ni hawa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unasimamiwa na TTCL, huyo ndo wa kwanza. TANESCO ana faiba kwenye laini zake kubwa za umeme, ile inayokuwa ndani ya waya wa juu kabisa wa kinga ya radi, na faida yake ni kwamba greda haiifikii. Halafu kuna makampuni ya simu, yana nyaya za kuunganisha minara yao na mara nyingi ndani yake kuna nyuzi ambazo hazina kazi.

Kwa huku kwetu swali la njia lina uzito kuliko bei, na sababu tuliiona wenyewe Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4, mvua zikakata barabara ya Kusini maeneo ya Kilwa, Somanga watu walikwama na mabasi yao. Kabla hatujatulia, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu, intaneti ikalegea nchi nzima na nchi jirani. Mambo mawili tofauti ndani ya siku chache, moja la nchi kavu lingine la baharini. Waya unaopita pembeni ya barabara ya Lindi kwenda Dar unapita makalavati yaleyale na madaraja yaleyale, tuta likiondoka na maji waya unaondoka nalo, na gari la mafundi linakwama upande wa pili vilevile.

Kwahiyo hata kama pesa ya sasa inatosha njia moja tu, ulizia na upande wa Masasi, Tunduru, Songea mpaka Makambako. Ni mzunguko mrefu ila hauhusiani kabisa na mito ya Kilwa. Huhitaji faiba tupu njia zote mbili. Njia kuu iwe faiba tupu, ile ya pili nunua hata uwezo mdogo wa kawaida, na muuzaji wa pili akuthibitishie kwa ramani kwamba hapiti kwenye mfereji wa wa kwanza. Makampuni mawili yenye majina tofauti kukaa kwenye mfereji mmoja ni jambo la kawaida sana bongo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya taa

Hii watu wa ununuzi wanaweza kuruka ila mtu wa tehama akiiruka atanunua moduli zisizowaka.

Taa inapungua inavyosafiri. Faiba ya kawaida ya masafa, ile ya kiwango cha G.652D, kadiria inapoteza desibeli (kipimo cha upungufu wa taa) 0.35 kwa kilomita ukitumia taa yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310, na 0.22 kwenye ya 1550. Kila jointi weka 0.1, kila konekta weka 0.5, na uongeze akiba ya 3 kwa ajili ya jointi zitakazoongezeka waya ukikatwa na kuungwa miaka ijayo.

Chukua mfano wa Mtwara mjini mpaka Naliendele, tuseme waya wenyewe na mizunguko yake ni kilomita 12. Kwenye 1310 ni 4.2, jointi nne 0.4, konekta nne 2, jumla 6.6 kabla ya akiba. Moduli ya giga 10 aina ya LR, ile ya kilomita 10 ambayo kila mtu anaikimbilia kwa sababu ya bei, bajeti yake, yaani hasara inayoweza kuvumilia, ni kama 6.2. Haifiki. Unapanda kwenye ER ya kilomita 40 inayotumia 1550, hasara inakuwa kama 5, ukiongeza akiba inafika 8, hapo umekaa salama. Ila angalizo, ER ina taa kali, ukiijaribu mezani kwa kipande cha mita 2 bila kuweka atenyueta, kile kipunguza taa, unaweza kuua upande wa kupokea, na hiyo hela hairudi.

Sasa Mtwara mpaka Lindi. Barabara ni kilomita mia na kidogo, weka waya 112 maana waya siku zote ni mrefu kuliko barabara, kuna mizunguko ya akiba kwenye kila handholi, yale mashimo yenye mfuniko ya kuungia waya. 112 mara 0.22 ni 24.6, ngoma za waya za kilomita 4 zinakupa jointi kama 28, yaani 2.8, konekta 2. Jumla 29.4, ukiongeza akiba 32.4. Moduli ya ZR ya kilomita 80 ina kama 23 au 24. Kwahiyo hapo katikati lazima pawe na mahali pa kukuza taa, pana umeme, pana mlango unaofungwa. Wengi watakimbilia Mingoyo kwa sababu ndo njia panda, lakini Mingoyo iko karibu na Lindi, upande wa Mtwara unabaki na kilomita 80 na kitu na akiba yote imekwisha. Bora mtafute sehemu iliyo katikati kweli, au mlipie nafasi kwenye kibanda cha mwenye waya kama anacho njiani, na hiyo nafasi pamoja na umeme wake iingie kwenye zabuni ileile, usije ukapata nyuzi halafu ukaanza kuomba upya rafu ya kufungia mashine.

Hatua ya 4: Kukodi, IRU au kujenga

Kukodi ni kulipa kila mwezi au mwaka, miaka 3 au 5, unaondoka ukichoka. IRU ni haki ya kutumia nyuzi fulani kwa muda mrefu, mara nyingi miaka 10 mpaka 20, unalipa kwa mkupuo mwanzoni halafu kila mwaka unalipa ada ndogo ya matengenezo. Ni kama kuchukua mikorosho ya mtu kwa miaka 15, unavuna wewe, shamba linabaki lake. Kujenga ni kuchimba mwenyewe.

Msimamo wangu: shina chukua IRU, tawi la mwisho la kilomita moja mbili mpaka getini jenga wewe, kukodi iwe kwa njia ya pili au kama hamjui kama mtakuwepo pale miaka mitano ijayo. Kujenga shina lote kutoka Mtwara hadi Masasi kwa hela ya vyuo ni kujitafutia ugonjwa.

Kulinganisha, usiangalie bei ya siku ya kwanza. Chukua malipo ya mkupuo, ongeza ada ya matengenezo mara miaka 15, ongeza vifaa mara mbili au tatu maana mashine zinabadilishwa kila miaka 5 hadi 7, ongeza umeme na kodi ya vyumba njiani, ongeza mshahara wa walau fundi mmoja anayejua kazi, weka VAT asilimia 18, gawanya kwa miezi 180. Hiyo namba ndo unaiweka pembeni ya bili yenu ya sasa, na bili ya sasa nayo uikadirie kwa Mbps mtakazohitaji miaka mitano ijayo, siyo mnazotumia leo. Wakati mwingine utakuta faiba tupu haijashinda. Basi mnaacha, hakuna aibu.

Shida ya IRU kwa taasisi ya umma ni kwamba mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni na mkupuo mkubwa haukai kwenye bajeti ya OC, yaani ya matumizi ya kawaida. Ndo maana IRU zinakaa vizuri kwenye hela za mradi. HEET, ule mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia ulioanza 2021, ulikuja kwa ajili ya vyuo vikuu vya umma, na kwenye hela za namna hiyo ujue taratibu za ununuzi za mfadhili zinaingia, kamuulize mratibu kabla hujaandika chochote. Ila hela ya mradi inaisha, ada ya matengenezo haiishi. Mkuu wa chuo asaini kabisa kwamba ada ya mwaka wa pili na kuendelea ina kifungu chake kwenye bajeti ya ndani.

Hatua ya 5: Ruhusa

Ziombe sambamba, usisubiri moja iishe ndo uanze nyingine. Taasisi za umma mradi wa tehama unapitishwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, kabla ya utekelezaji, peleka andiko mapema. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waandikie barua mkieleza kwamba mnaunganisha taasisi zenu kwa matumizi yenu, muwaulize kama mpangilio wenu unahitaji leseni, mpate jibu la maandishi. Na msije mkaanza kumuuzia jirani mwenye gesti intaneti kwenye faiba hiyo, hapo mnakuwa watoa huduma na leseni ni nyingine kabisa.

Kwa lile tawi mnalochimba wenyewe: barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaa na vijijini ni TARURA. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, ukichimba humo unachimba kwa kibali na siku wakipanua barabara unahamisha kwa gharama yako. Ulizeni kabisa TANROADS kama kuna mpango wa kupanua au kutia lami kwenye njia hiyo. Nje ya hifadhi unaingia mashamba ya watu na huku kwetu shamba maana yake mikorosho. Mkorosho unaozaa una fidia, mthamini lazima apite, na ukikata hata tawi bila kuongea na mwenyewe utajua hujui. Kupita kidogo pembeni kukwepa mikorosho sita ni rahisi kuliko kulipa. NEMC, baraza la mazingira, na watu wa maji nao waulizwe, bomba la maji likipasuka kwa sururu yenu mtaa mzima utawafahamu.

Hatua ya 6: Zabuni

Taasisi za umma kila kitu kinapita NeST, mfumo wa ununuzi kwa mtandao uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na sheria inayotumika ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Kama haipo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka haipo, kwahiyo mtu wa tehama aende kwa afisa ugavi mapema kabla ya mwaka wa fedha, asiende Machi akikimbizana na hela zinazorudi hazina.

Andiko la mahitaji ndo moyo wa zabuni. Usiandike jina la kampuni wala modeli ya kifaa, andika unachotaka kipimike: jozi ngapi, kutoka rafu gani mpaka rafu gani, kiwango cha faiba, hasara ya juu kabisa inayokubalika kwa kila kipande kwa nanomita 1310 na 1550, kina cha mfereji au aina ya nguzo, muda wa kukabidhi, muda wa kurekebisha. Omba jozi mbili hata kama leo unatumia moja, tofauti ya bei mara nyingi inavumilika na jozi ya pili ndo itakuokoa uzi mmoja ukiharibika au mkitaka kuunganisha hospitali kivyake.

Gawa zabuni kwa vipande, Mtwara mjini kivyake, Mtwara hadi Lindi kivyake, Mingoyo hadi Masasi kivyake, na uruhusu mtu aombe kimoja au vyote. Ukifanya kifurushi kimoja kikubwa unabaki na waombaji wawili na wote wanajuana. Kwenye tathmini, mtu asiyeonyesha njia yake kwenye ramani na kikosi chake cha mafundi kilipo alale kwenye hatua ya kiufundi. Kikosi kilichopo Dar siyo kikosi cha Mtwara, ni safari ya kilomita zaidi ya 500 kabla hata hajafungua boksi la vifaa. Bei iwe kwa shilingi, kanuni za Benki Kuu za 2025 zimekataza bei za ndani kunukuliwa kwa fedha za kigeni, na hata bila kanuni mkataba wa dola wa miaka 15 kwa chuo kinachokusanya ada kwa shilingi ni hatari tupu.

Hatua ya 7: Mkataba, hapa kaeni chini

Pesa zinapotea hapa. Muuzaji atakuja na mkataba wake wa kurasa 40, mpeni mwanasheria ila na mtu wa tehama akae pembeni.

Muda wa kurekebisha. Akiandika "kwa juhudi zinazofaa" futa. Andika saa: fundi awe kwenye tukio ndani ya saa fulani, mawasiliano yarudi ndani ya saa fulani, na saa zianze kuhesabika pale mlipopiga simu au kutuma ujumbe, siyo pale alipofungua tiketi yake. Adhabu iwe punguzo la ada ya matengenezo linaloongezeka kadri saa zinavyopita. Masika weka saa zake tofauti, kuwa mkweli, daraja likiondoka hakuna atakayevuka, lakini basi awe na vifaa vya dharura na mashine ya kuunga upande huu wa Kilwa kabla mvua hazijaanza. Hicho kifungu kimoja cha vifaa kukaa Mtwara au Lindi nakipenda kuliko adhabu zote.

Mikono ya mwenyezi Mungu. Kifungu cha majanga kisimezwe kizima. Greda ya mkandarasi siyo janga, panya siyo janga, mtu kuchoma shamba akaunguza waya wa juu siyo janga, hayo yanatokea kila mwaka na kila mtu anayajua. Mvua za kawaida za masika pia siyo janga.

Kuhamisha njia. Barabara ikipanuliwa nani analipa? Andika kwamba analipa mwenye waya, au kama atakataa kabisa basi mchangie kwa idadi ya nyuzi zenu kati ya nyuzi zote za waya huo. Waya wa nyuzi 48 na nyie mna 2, mnalipa hizo 2 kati ya 48, siyo nusu.

Kuuza au kufilisika. Akiuza mtandao wake haki yenu iende na waya kwa mnunuzi mpya bila masharti mapya. Akifilisika haki yenu isihesabike kama deni la kawaida, mwanasheria ajue namna ya kuliandika hilo.

Kutumia na wenzenu. Mkataba useme wazi kwamba taasisi nyingine ya elimu, utafiti au hospitali inaweza kuunganishwa kwenye nyuzi hizo bila kulipa upya. Bila hiyo sentensi, siku VETA ikitaka kujiunga mtaambiwa ni biashara mpya.

Na malipo ya mkupuo yasitoke yote siku ya saini. Sehemu ndogo mwanzoni, kubwa baada ya vipimo kupita, na kipande kibaki mpaka msimu mmoja wa mvua upite.

Hatua ya 8: Kupokea

Usipokee kwa sababu taa ya kijani imewaka. Taka kipimo cha OTDR, ile mashine inayorusha taa ndani ya uzi na kuchora hasara ya kila mahali, cha kila uzi, kutoka pande zote mbili, kwa 1310 na 1550, faili lenyewe siyo picha ya skrini, na kipimo cha nguvu ya taa mwanzo mpaka mwisho. Ukikaa na fundi mbele ya OTDR utaona mstari unashuka taratibu na kila jointi ni kingazi kidogo. Kingazi cha 0.05 kizuri, 0.1 sawa, ukikuta cha 0.4 mwambie arudie kuunga, atakwambia hicho ni kidogo tu kinavumilika, wewe kaa kimya umuonyeshe ukurasa wa mkataba. Kingazi kikiwa kikubwa kwenye 1550 na kidogo kwenye 1310 maana yake waya umekunjwa mahali, mara nyingi kwenye trei ya jointi, afungue apange upya.

Halafu toka ofisini. Chagua handholi chache bila kumwambia mapema ni zipi, zifunuliwe. Baada ya mvua utakuta nyingine imejaa maji ya udongo mwekundu na boksi la jointi linaelea humo. Maji yenyewe siyo kosa, boksi zuri linavumilia. Angalia mpira wa kuziba umekaa sawa, nati zimekaza, waya wa akiba umezungushwa vizuri na kuna lebo yenye jina na namba. Asipoweka lebo usilipe, maana miaka mitatu ijayo fundi mwingine atakata uzi wako akidhani hauna mwenyewe.

Hatua ya 9: Kuwasha na kuishi nayo

Anzeni kidogo. Swichi nzuri, moduli za giga 10, UPS au betri za volti 48 zenye saa za kutosha kulingana na umeme wa eneo lenu. Mashine kubwa za DWDM, za kupitisha rangi nyingi za taa kwenye jozi moja, achana nazo mpaka mkose nafasi kweli, mkihitaji njia nyingi kwenye jozi moja CWDM, ndugu yake wa bei nafuu mwenye rangi chache, inatosha kwa kuanzia. Nunua moduli za akiba siku ileile, walau moja ya kila aina kila mji, moduli ya ER haipatikani dukani Mtwara.

Kazi kubwa ya baadaye ni kutembea. Kabla ya masika, na tena kabla ya kipindi cha watu kusafisha mashamba ya mikorosho kwa moto, mtu apite njia nzima na pikipiki aangalie nguzo zilizolala, tuta lililomomonyoka, vigingi vilivyong'olewa, mahali mtu ameanza msingi wa nyumba juu ya mfereji. Wenyeviti wa vijiji njiani wapewe namba ya simu, na fundi wa maji na dereva wa greda nao wawe nayo, wao ndo wanaojua mapema nani anachimba wapi.

Kila mwaka rudieni kipimo cha OTDR kwenye uzi usiotumika, mkiweke pembeni ya kile cha siku ya kupokea. Hasara ikiwa imepanda kwa desibeli moja na hamjaambiwa kuna mahali paliungwa, muiteni mwenye waya aonyeshe ni wapi, kabla ada ya mwaka unaofuata haijalipwa.